Moto wa Maji, Moto wa Mawese

Papa alikuwa mtu wa barrage, bwawa la umeme. Alianza kazi pale kwenye mto Tshopo akiwa kijana, akaoa, akazaa, akazeeka, na mikono yake ilinuka grisi hata Jumapili kanisani. Mtu akimuuliza kazi yake, hakusema yeye ni fundi wa mashine. Alisema, "Mi niko napika moto na mayi." Watu walicheka, naye alifurahi, maana ndicho alichokuwa anakitafuta.

Sisi watoto wake tulilishwa umeme pamoja na lituma na pondu. Tukikaa tu kula, anaanza. Courant, yaani umeme wenyewe, alisema, haimo ndani ya maji, tusidanganywe na mtu. Maji yana haraka tu. Yanashuka kwa nguvu, yanasukuma gurudumu la chuma, gurudumu linazungusha sumaku katikati ya nyaya za shaba, na hapo ndipo courant inapoamka. Siku moja alipindua baiskeli uani, magurudumu juu, akatuamuru tuzungushe pedali kwa mikono ili tuone dinamo inavyowasha taa ya mbele. Alituambia kuna nchi zisizo na mito kama yetu, maskini, wanachoma makaa yanayochimbwa ardhini, wanachemsha maji kwenye chungu kikubwa kuliko nyumba, na mvuke ndio unaozungusha. Wengine kazi hiyo wanauachia upepo. Grupu nayo, yaani jenereta, inakunywa mazutu, dizeli ile, inalipuka kidogo kidogo tumboni mwake, inazunguka. Jua peke yake hakulisamehe. Mapadri walikuwa na plaque ya kunasa jua juu ya paa lao, imelala tu pale, haizungushi chochote, na courant inatoka. Papa aliiona kama mtu anayekula bila kulima.

Vita ilipoingia mjini Kisangani, barrage iliumwa pamoja nasi. Mashine moja ilikuwa imekufa zamani kwa kukosa vipuri. Ya pili ilinyamaza siku zile majeshi mawili ya kigeni yalipopigana yenyewe kwa yenyewe katika avenue zetu, utadhani kwao hakuna viwanja. Tembo wakipigana nyasi ndizo zinaumia, sawa, lakini nyasi angalau huota tena. Ya tatu ilizunguka kidogo, ikakohoa, ikasimama. Vipuri vilizoea kuja kwa boti kutoka Kinshasa, na mto ulikuwa umefungwa na mstari wa vita. Papa aliendelea kwenda kazini kila asubuhi, bila mshahara, na mkoba wake wa funguo. Mama alimuuliza anaenda kufanya nini kwenye mashine zilizokufa. Akajibu kwamba mgonjwa haachwi peke yake.

Hapa lazima nieleze desturi yetu moja, maana bila hiyo hamtanielewa. Kwetu courant ikikatika, hakuna anayezima bouton, yaani swichi. Tunaacha zote wazi: ya taa, ya redio, ya pasi, ya resho, lile jiko la umeme tunalopikia siku za neema. Bouton iliyo wazi ndiyo kengele yetu. Redio ikianza kuimba yenyewe, unajua. Halafu zinakuja kelele: "Eyei!" Ni Lingala, maana yake imekuja. Inaruka kutoka nyumba hadi nyumba, avenue hadi avenue, hata aliye chooni anaipokea na kuipeleka mbele. Na mwenye grupu, akisikia Eyei, anakimbia kuizima kabla hajamsalimia mtu, kwa sababu mazutu wakati ule ilikuwa kama damu. Grupu ikisikika bado inanguruma baada ya Eyei, mwenye nayo anachekwa wiki nzima, anaulizwa kama ana kisima cha mazutu chumbani. Kawaida ni kama sheria, na hii hakuna aliyeiandika lakini wote tuliishika.

Mume wangu alikuwa mfanyabiashara, mtu wa Kivu Kaskazini. Alishuka mto hadi Basoko na maharagwe yake wakati mto bado unapitika, kisha vita ikafunga njia nyuma yake. Akabaki upande ule, mimi upande huu na tumbo. Mabomu yaliponyamaza nikafikiri sasa nitapumua. Wapi. Uchungu ulinikamata kabla ya wakati wake, msimu wa mvua, nikiwa nafua nguo. Mama alinipandisha kwenye toleka, hizo baiskeli zetu za kubeba watu, akakimbia pembeni huku amenishika mgongo, mpaka maternité ya masista, hospitali yao ya uzazi.

Akazaliwa msichana. Uzito wake, nawaambia, haukuzidi kwanga moja ya sokoni, mkate ule wa muhogo. Ngozi yake ilikuwa nyembamba hadi nikaogopa kumtazama kwa nguvu. Masere aliyenizalisha, sista mfupi mwenye mikono ya moto, alinieleza bila kunificha: mtoto hajaiva mapafu. Alihitaji vitu viwili. Joto, ambalo angepewa na couveuse, lile sanduku la kioo la kuwalelea watoto wa namna yake. Na hewa, ambayo angepewa na mashine ndogo iliyokaa chini ikichuja hewa safi na kuipitisha kwenye mrija hadi puani mwake. Chupa za oksijeni zilikwisha tangu mto ulipofungwa. Ilibaki mashine ile. Na vyote viwili, sanduku na mashine, vilikula courant.

Ndivyo mimi, binti wa mtu wa barrage, nilivyoanza kuishi kwa kusikiliza grupu. Ilikuwa nyuma ya maternité, ndani ya kibanda cha mabati, grupu kuukuu yenye sauti ya lori linalopanda mlima. Aliyeitunza tulimwita tonton tu, yaani mjomba, mtu mrefu wa kando ya mto, wa kule Isangi, mwenye maneno mengi na moyo mweupe. Mazutu ilipokaribia kwisha, masere alijaribu plaque ya mapadri. Walikuja nayo wenyewe wameibeba kichwani, Mungu awabariki. Iliwasha balbu moja vizuri kabisa. Walipoiunganisha na mashine ya hewa, mashine ikalia mara mbili na kunyamaza. Juu yetu mawingu yalikuwa mazito. Nilimkumbuka papa na chuki yake kwa jua, nikataka kucheka, nikalia.

Basi tonton akaanza kuilisha grupu mawese. Ndiyo, mafuta yale yale ya kupikia pondu. Sokoni yalikuwepo, yaliletwa kwa baiskeli kutoka mashamba ya zamani. Akafunga bidon mbili, yaani madumu, juu ya mashine, ndogo ya mazutu na kubwa ya mawese, na robinet katikati, koki ya kuchagua. Mawese aliyapasha kwanza juu ya mbabula, jiko la makala, yakawa mepesi kama maji. Grupu aliiamsha kwa mazutu kidogo. Ikishapata moto, anageuza robinet, inakunywa mawese. Na kabla ya kuizima, anairudishia mazutu inywe kwanza, isafishe koo, kwa sababu mawese yakipoa ndani ya mirija yanaganda kama samli. Alituimbia sheria hiyo sisi wote, wagonjwa, wauguzi, hata waliokuja kutembelea. "Grupu hailalaka na mawese mu kinywa," alisema. Moshi wake ulinuka makemba, ndizi za kukaanga. Wodi nzima ilishinda na njaa kwa sababu ya moshi ule, na wanawake walimtania tonton kwamba alete na sahani.

Mwanangu akaishi. Nasema akaishi, maana alifungua macho, akanishika kidole. Masere akaita padri akambatiza. Jina lake nalijua mimi, na sitaliandika hapa. Kila grupu ilipobadilisha sauti, moyo wangu uliruka. Sikuweza kula mpaka niisikie imetulia tena.

Papa alikuja kila jioni akitoka kazini. Hakuingia karibu, alisimama mbele ya kioo na kofia mkononi kama yuko kanisani. Jioni ya kwanza alitazama tu, akaenda zake. Ya pili aliuliza mashine ya hewa inakula courant kiasi gani, akainama, akasoma kibati chake, akanyanyuka. Aliniambia grupu ya mawese ni ya kusaidia tu, haitafika mbali, vyuma vyake vitachoka. Mtoto wa namna hii anahitaji moto wa maji. Akasema yeye na wenzake watachukua vyuma vya mashine mbili zilizokufa na kuiponya ya tatu. Nilimwona uso wake na nikaogopa. Papa alikuwa mtu wa masihara, na jioni ile hakuwa na masihara hata moja.

Toka jioni hiyo sikumwona kwa siku kadhaa. Mama ndiye aliniletea habari zake pamoja na chakula. Alisema wanalala kule kule, wanakula mihogo, wanateremka ndani ya mashine hadi kifuani kwenye maji, wazee wale. Halafu akaleta ujumbe mwingine. Papa ametuma watu kanisani na sokoni kuomba kila nyumba izime bouton zote. Mashine itaamka dhaifu, kama mtu aliyetoka kwenye malaria. Mtu wa namna hiyo humpi gunia abebe siku ya kwanza. Na mstari wa nyaya unaoleta courant maternité ni ule ule unaolisha mtaa wetu mzima, hakuna namna ya kumpa mmoja na kumnyima mwingine, vifaa vya kutenganisha viliharibika zamani. Padri alilisema hilo kwenye misa mara mbili. Watu waliitika ndiyo, kwa sababu wote walijua habari ya mtoto.

Waliitika kweli, na sidhani kama mtu alidanganya. Lakini kila mmoja alirudi nyumbani akawaza: nikizima, nitajuaje kama imekuja? Wengine watazima. Mimi naacha hii moja tu. Baadaye nilikuja kugundua kwamba hata kwetu, nyumbani kwa mtu wa barrage mwenyewe, resho lilikuwa wazi na sufuria juu yake. Mama alitaka courant ikirudi tu anipikie mchuzi wa samaki, nipate maziwa.

Ilirudi mchana, mvua inanyesha. Mvua yetu ile inayopoza mji wote, mpaka watu wanavaa sweta. Nilikuwa nimekaa kwenye stuli yangu kando ya kioo. Kwanza taa ya korido iliwaka, ile ambayo haikuunganishwa na grupu, nikaitazama bila kuelewa. Kisha nikaisikia ikija kutoka mbali, upande wa mto, kama mvua nyingine ndani ya mvua: Eyei, eyei, eyei. Ikafika ukutani, ikafika dirishani, wanawake wakashuka vitandani na vidonda vyao. Na mimi niliipiga, sikufichi msomaji, niliipiga mpaka koo likauma. Nilijua ni papa. Mji mzima ulikuwa unashangilia na ni mimi tu niliyejua ni mkono wa nani.

Grupu ikazimika.

Tonton alikuwa pale kibandani. Yeye ambaye alituimbia sheria asubuhi na jioni, ndiye aliyeizima. Alisikia Eyei, na mkono wake ukaenda wenyewe, kama mikono yote ya Kisangani ilivyokwenda mwaka ule na miaka kabla yake. Mkono ulitangulia, kichwa kikafuata. Aliposimama nje kwenye mvua akicheza na wenzake, ndipo akakumbuka kwamba hakugeuza robinet, grupu imelala na mawese. Aliona haidhuru, courant ipo, atapasha mirija kesho taratibu. Na nani angewasha grupu wakati courant ipo? Angechekwa.

Ndani, masere alibadilisha waya, mashine ya hewa ikaendelea bila hata kukohoa. Halafu nikasikia kitu. Tangu azaliwe, ngurumo ya grupu ilikuwa imefunika kila sauti. Sasa kulikuwa kimya, mvua tu, na ndani ya kimya hicho, kwa mara ya kwanza, nikamsikia mwanangu akipumua. Ilikuwa sauti ndogo ya kukwaruza, kama mtu anayefagia chumba cha mbali. Niliinamisha sikio kwenye tundu la kioo, na masere akainamisha lake upande wa pili, tukatazamana na kucheka kama wasichana. Hiyo ndiyo furaha yangu kubwa kuliko zote nilizopata, na ninaweza kuwaambia ilidumu kiasi gani: kiasi cha misa fupi, isiyo na nyimbo.

Kisha taa ya korido ikawa ya njano. Ikawa nyekundu kama makala. Ikabaki uzi mmoja unaong'aa ndani ya balbu, na nao ukafa. Kule mjini maresho yote yalikuwa yameanza kuvuta pamoja, na mapasi, na kila kitu kilichosubiri miezi na mdomo wazi. Mgonjwa alipewa gunia, akaanguka nalo.

Watu walisema "aaah" kwa pamoja, ile aaah yetu ya kila siku, isiyo na kisirani. Kwao ilikuwa courant imekwenda tena, basi. Masere alikuwa ameshakimbia dirishani kumwita tonton.

Nilisikia manivelle, ule mkono wa chuma wa kuamshia grupu, ikizungushwa. Ikazungushwa tena. Grupu ilivuta pumzi na haikushika. Mrija wake wa mafuta ulipita nje ya kibanda, chini ya mchirizi wa mvua, na mawese yalikuwa yameganda humo tangu mwanzo hadi mwisho. Waliokuwa na ndugu wodini walichemsha maji wakayamwaga juu ya mrija, wengine wakaleta makala mekundu kwenye vifuniko vya sufuria. Nilimsikia tonton akilia kwa sauti huku anazungusha, akiita mama yake kwa lugha ya kwao.

Masere alifungua sanduku la kioo, akamtoa, akaniwekea kifuani ndani ya kitenge. Joto nilikuwa nalo, Mungu wangu, la kumpa yeye na wengine kumi. Hewa sikuwa nayo. Masere alimpulizia puani kwa mdomo wake, kidogo kidogo, kama anayewasha moto wa majani mabichi. Alipuliza mpaka machozi yakamtoka. Mwanangu alikaza vidole kwenye ngozi yangu, akalegeza, akakaza. Nilimwambia babu yake anakuja. Nilimwambia avumilie kidogo tu, babu yake ndiye mwenye moto wa maji. Akalegeza, na hakukaza tena.

Muda si mrefu grupu ikashika. Ilinguruma, harufu ya makemba ikaingia dirishani, taa ndogo ya couveuse ikawaka, na mashine ya hewa ikaanza kupuliza sakafuni na mrija wake umelala pembeni. Masere hakuinuka kuuchukua. Alimfunika mtoto uso, kisha akaufunua tena nilipomkatalia. Akaniacha naye, akaenda kumshika tonton ambaye alikuwa amekaa chini kwenye matope.

Papa alikuja kwa toleka, kwenye mvua. Nilizijua hatua zake koridoni, alikuwa karibu anakimbia, mzee yule na magoti yake. Alisimama mlangoni akichuruzika maji, nguo nyeusi kwa grisi, macho mekundu ya mtu ambaye hajalala, na alikuwa anacheka. Sikumwona akicheka hivyo tangu vita ianze. Akatazama couveuse, akaona taa yake inawaka. Akasikiliza grupu nje, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama anayesema vizuri, courant ilipokatika walirudi kwenye grupu bila shida. Kisha akaniona mimi kwenye stuli, na kitenge, na kichwa kidogo kifuani.

"Ilifika?" akaniuliza. "Courant yangu, ilifika mpaka hapa?"

"Ilifika, papa."

"Na yeye aliipumua?"

"Aliipumua. Nilimusikia."

Akaivua kofia. Akasogea karibu kuliko alivyowahi kusogea, kwa sababu hakukuwa na kioo kati yao, akainama kumtazama, na maji ya mvua yakidondoka kutoka kwenye nyusi zake akayakinga kwa kiganja yasimwangukie. Nilitaka kumwambia. Mdomo wangu ulikuwa umefunguka tayari.

"Usimuamushe," akasema kwa sauti ya chini. "Muache alale. Kesho courant itakuwa na nguvu."